Kiti cha Mama na Sakafu ya Baba Brayson

Iwambi, Mbeya
4 Februari 2024

Mdogo wangu Dastan,

Tumsifu Yesu Kristu. Sisi huku tumeamka wazima, na wewe na Devota na watoto nawaombea hivyohivyo hapo kambini. Mvua ya Mbeya mwaka huu haina adabu, inanyesha asubuhi, inapumzika kidogo, halafu inarudi kama imesahau kitu. Brayson yuko chuoni Dodoma, anatupigia simu akiwa na shida tu, kwa hiyo akikaa kimya tunashukuru. Mama mzima. Kifua kimetulia kabisa tangu nimlete kwangu Agosti. Ukimwona anavyokula ugali huwezi kuamini ni yule uliyempakia kwenye bodaboda Julai, amefunikwa blanketi na anahema kwa shida.

Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia barua na simu ninayo. Kwako mtandao unapatikana mpaka upande kilima, na kwangu simu haina siri. Ikilia tu mama anasema weka sauti kubwa nisalimie, na akishasalimia haondoki. Habari hii sitaki aisikie. Yotamu anapita na lori la mbao, nitampa bahasha mkononi.

Habari yenyewe ni sakafu. Usicheke. Unajua shemeji yako alivyohangaikia zile marumaru. Tangu astaafu relini hana kazi nyingine, fundi alipokuwa anazipanga yeye alikuwa nyuma yake na kamba na pima-maji. Ni nyeupe, zinang'aa, ukipita unajiona. Sasa zimechubuka. Kuna mikwaruzo koridoni, sebuleni na mpaka jikoni, na inatoka kwenye kiti kile ulichomtengenezea mama, kile kirefu cha mgongo ambacho alikataa kuja Mbeya bila yake. Nimekigeuza nikatazama. Umepigia misumari ya vichwa chini ya kila mguu, kama tunavyofanya kijijini ili mbao zisinyonye unyevu wa sakafu ya udongo. Kwenye udongo sawa. Kwenye marumaru ni kama kuchora na kisu.

Kila jioni tukikaa mezani Clement anaanza, "Mama Brayson, umeiona sakafu ya korido?" Nikisema nimeiona, anasema nenda kaitazame vizuri. Siku hizi ameacha hata kukaa ndani, anashinda barazani kama mlinzi. Juzi alisema neno lingine ambalo sitaliandika hapa. Ila wewe ni mtu mzima, unajua mwanaume akichoka na mkwe nyumbani kwake anaanzia wapi.

Dastan, mama hawezi kurudi kijijini akakae peke yake baridi ya Juni ikimkuta. Julai ile ilikuwa bahati. Nataka abaki hapa, na ili abaki lazima sakafu ipone. Wewe ni fundi, niambie nifanye nini. Na nyumba yake umepita kuitazama?

Ni mimi dada yako,
Apolonia

*

Sao Hill, Mafinga
19 Februari 2024

Dada Apolonia,

Milele amina. Barua nimeipata kwa mkono wa Yotamu, ikiwa na alama ya kidole chenye grisi, lakini haikufunguliwa. Sisi wazima. Devota amejifungia na mafua ila anazungumza kama kawaida, kwa hiyo si mafua makali. Watoto wanasoma. Kazi ipo, magogo ni mengi na mvua inafanya barabara kuwa tope, malori yanalala njiani. Brayson akipiga simu mwambie mjomba wake anamsalimu na anamsubiri likizo aje ashike randa, mikono yake imekuwa laini mno.

Kuhusu sakafu, sikucheka. Nilicheka kidogo. Misumari ile niliipiga mwenyewe na wakati ule niliiona kazi nzuri. Ing'oe kwa koleo, taratibu, usije ukapasua mguu wa kiti. Halafu gundisha hivi vipande vinne nilivyomfungashia Yotamu. Ni mpira wa tairi la lori, nimeukata kwa kipimo cha miguu, kwa sababu kiti kile nakijua. Paka gundi pande zote mbili, iache ikauke kidogo, kisha kandamiza na uweke tofali juu ya kiti mpaka kesho yake. Hapa kambini kila kigoda kimevaa tairi. Hakuna kinachokwaruza wala kupiga kelele, na kiti hakitelezi hata sakafu ikiwa na maji.

Shemeji usimwekee kinyongo. Mtu aliyekaa relini maisha yake yote anapenda vitu vilivyonyooka, akiona mstari usio wake lazima ausemee. Mpe muda. Mama naye mwambie asikokote kiti, akiinue.

Devota anaomba umtafutie uzi wa kufumia wa rangi ya maziwa dukani kwako, anataka kufuma vitambaa vipya vya makochi kabla ya Pasaka.

Wako,
Dastan

*

Iwambi, Mbeya
10 Machi 2024

Mdogo wangu Dastan,

Salamu nyingi. Uzi wa Devota ameubeba Yotamu pamoja na barua hii, rangi ya maziwa hasa hakuna, nimempa ile inayokaribia. Biashara pale Mwanjelwa si mbaya, Kwaresima watu wanashona. Mama anasali rozari yake, anakula, analala. Umenijibu kila kitu isipokuwa nyumba yake. Nakuuliza tena.

Sasa niache nikuseme. Dastan, tairi. Tairi jeusi la lori kwenye marumaru nyeupe. Nilifuata maelezo yako yote, gundi, tofali, kila kitu. Siku ya pili natoka dukani nakuta nyumba ina barabara. Mistari myeusi, miwili miwili, inatoka chumbani kwa mama inakwenda chooni, inatoka chooni inakwenda jikoni, inapinda inaelekea mlango wa uani, inarudi. Mikwaruzo ya mwanzo ilibidi uiname kuiona. Hii hata mgeni wa getini angeiona. Nikamkuta Clement amepiga magoti koridoni na kitambaa chenye mafuta ya taa, anasugua. Hakunigombeza. Alininyooshea tu ule mstari kwa kidole, tangu mlangoni mwa mama mpaka chooni, akanitazama. Nikaona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Nilimuuliza mama kwa nini kiti kinazunguka nyumba nzima. Akasema anahama nacho kufuata jua, asubuhi linaingilia jikoni, mchana liko uani. Nikaona ni kweli, mtu aliyezoea baridi ya Mufindi lazima apende jua. Nikamwomba akiinue badala ya kukivuta. Akasema sawa mwanangu, na kesho yake mistari ikawa palepale.

Lakini nimepata dawa, na sikuipata kwako. Lile sweta la sufu la Clement, la kijivu, nililiingiza kwenye maji yanayochemka kwa haraka zangu. Likatoka dogo la kumtosha mtoto wa chekechea, limeshikana na kuwa nene kama zulia. Mwenyewe alisikitika. Mimi nililitazama nikasema hii si nguo tena, hiki ni kiatu. Nimeng'oa matairi yako, nikakata vipande vya mviringo, nikagundisha chini ya kiti cha mama na viti vyote vya mezani. Sasa njoo usikie. Unasukuma kiti kwa kidole kinakwenda chenyewe, hakikwaruzi, hakichafui, hakina sauti. Nyumba imekuwa kama kanisa siku ya kazi.

Jana tumekula chakula cha jioni mpaka tukamaliza na neno sakafu halikutajwa. Clement aliuliza tu, "Mbona siku hizi kimya?" Nikamwambia ndiyo raha yenyewe. Aliinuka akaenda kuitazama korido. Ila nina imani mambo yametulia, na mama ataimaliza baridi ya mwaka huu kwangu. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Krismasi.

Dada yako mwenye maarifa,
Apolonia

*

Sao Hill, Mafinga
27 Machi 2024

Dada,

Barua yako ya tarehe 10 imenifikia Jumamosi iliyopita. Lori la Yotamu liliharibika Makambako likalala huko, bahasha ikalala nalo. Devota amepona na uzi ameupenda. Mengine ni mazima.

Kwa tairi nisamehe. Hapa sakafu zetu zote ni nyeusi au za udongo, sikuwahi kujua tairi linaandika. Yotamu amenicheka mpaka akakaa chini.

Nimeisoma barua yako mara ya pili na kuna kitu hakiniingii. Mama hajawahi kufuata jua. Tumekua naye, siku zote alikuwa jikoni penye moto, jua alikuwa analiacha kwa kuku. Halafu kiti kile ni kizito, mimi mwenyewe nikikiinua nainama kwanza. Umesema mistari inatoka chumbani kwake mpaka chooni. Dada, mtu anakwenda na kiti chooni kufanya nini?

Sijaona kwa macho, kwa hiyo sitasema zaidi ya hapo. Wewe mtazame anavyotembea asipojua kama unamtazama. Na lile sweta litoe kwenye kiti chake yeye, leo hii ukiweza, viti vingine viache. Kitu kinachokwenda kwa kusukumwa na kidole si cha kuegemea.

Jumapili nilipanda kilimani nikapiga simu nikuambie hili. Mama ndiye aliyepokea, wewe ulikuwa misa ya pili. Tulizungumza kuhusu kuku wake mpaka chaji ikaisha.

Wako,
Dastan

*

Iwambi, Mbeya
2 Aprili 2024

Dastan mdogo wangu,

Barua yako imefika leo asubuhi, na imechelewa. Nianze na yale unayotaka kujua. Mama ni mzima, hakuvunjika kitu. Nimekupigia tangu Ijumaa Kuu, naambiwa tu hupatikani.

Ilikuwa Alhamisi Kuu. Nilikuwa dukani, Clement akapiga simu akasema njoo nyumbani, hakusema zaidi. Nilipofika mvua ilikuwa inanyesha na yeye amekaa nje, si barazani, nje kabisa kwenye tofali, shati limemganda mwilini. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Nimemshika mama."

Unajua kwetu mkwe na mkwe wanavyoishi. Tangu tuoane na Clement mama hajawahi kumpa mkono. Hawali mezani pamoja. Akitaka kumwambia kitu, hata kama wamekaa wote sebuleni, ananiambia mimi, mwambie baba Brayson hivi na hivi, na Clement naye ananijibu mimi. Mimi nikiwa dukani hawana mtu wa katikati, basi hawazungumzi. Niliizoea hali hiyo hata nikaacha kuiona.

Kumbe mama hawezi kutembea. Tangu alipotoka hospitali Julai miguu haijarudi. Akiwa na mimi anajikaza, anashika ukuta, anashika meza, anasema tangulia nakuja. Nikishatoka kwenda dukani anashika mgongo wa kiti chako na kukisukuma mbele yake, hatua kwa hatua, chooni, jikoni, uani. Mtu wa kumshika mkono alikuwepo nyumbani siku nzima, lakini ni mkwe wake. Angemwambiaje nishike?

Na Clement alikuwa anajua. Alikuwa anasikia kiti kinakwaruza, anajua mama ametoka chumbani, anaondoka ndani anakwenda barazani ili asikutane naye katika hali ile. Kiti kikinyamaza, anajua amefika salama, anarudi. Ndivyo walivyoishi miezi yote hiyo, kwa sauti ya kiti. Halafu mimi mwenye maarifa nikakivisha sweta. Siku ile hakusikia kitu, akaingia kuchukua maji ya kunywa, wakakutana uso kwa uso koridoni. Mama akashtuka, akaegemea kiti, kiti kikamkimbia kwenye marumaru. Clement alimdaka kabla hajafika chini. Alimdaka kwa mikono miwili, Dastan, kifuani.

Nilimuuliza mume wangu kwa nini hukuniambia. Nitakuandikia alivyonijibu kwa sababu sijalala nikikumbuka. Alisema, "Ningesemaje? Mkwe nikae mezani niseme mama yako miguu imekufa? Hiyo ni kauli ya mkwe? Mimi nikasema sakafu. Kila siku nikakwambia kaitazame sakafu, kaitazame vizuri. Nilijua ukiitazama utaona."

Lile neno nililokataa kukuandikia Februari ni hili, alisema hali hii haiwezi kuendelea. Nikalisikia kama mtu anayemfukuza mama yangu. Alikuwa anamhofia. Nimeona aibu, na pia nimefurahi.

Jumamosi nilimpeleka hospitali kwa nguvu. Mimi nilikuwa nimeshaogopa kiharusi. Daktari akasema hapana, ni magoti yaliyochakaa na misuli iliyolala kwa sababu ya kukaa kitandani muda mrefu baada ya nimonia. Anahitaji mazoezi na mtu wa kumshika. Akishikwa kila siku atatembea.

Lakini hataki kushikwa. Tangu Alhamisi yuko chumbani, chakula chetu anakirudisha, anaishi kwa chai. Amefunga begi. Anasema haiwezekani kulala nyumba ambayo mkwe amemkumbatia, anarudi kwake kijijini wiki hiihii, na nisipompeleka atatoka getini akitambaa. Clement naye amehamia chumba cha Brayson cha uani, anapita nyuma ya nyumba kama mwizi. Nimemsihi mama asubiri mpaka wewe useme. Amesema atasubiri kwa sababu wewe ni mwanaume wa nyumba ya baba.

Kwa hiyo nakuuliza kwa mara ya tatu, na safari hii nijibu. Nyumba yake ikoje?

Apolonia

*

Sao Hill, Mafinga
9 Aprili 2024

Dada yangu,

Pole. Pole nyingi, na mpe pole shemeji. Huku wote wazima.

Nyumba ya mama haina paa. Upepo wa Januari uliling'oa upande wote wa chumba cha kulala, mabati mawili tumeyaokota shambani kwa jirani. Sikuandika kwa sababu nilijua barua utaisoma ukiwa karibu naye na uso wako hauwezi kuficha kitu. Nilitaka nimalize kwanza ndipo niseme. Mbao nimeshapasua, kila Jumapili napeleka kidogo, lakini haitakwisha kabla ya baridi. Akija sasa atalala kwangu kambini, chumba kimoja na watoto, karibu na moshi na vumbi la mbao. Kifua kile hakitafika Julai.

Kwa hiyo haji. Nimeongea na Devota, nimeongea na baba mdogo pia, nilimfuata kwake. Yeye ananikumbusha kwamba kwa ukoo wetu ukwe unafunguliwa. Tulikuwa bado wadogo shangazi Veneranda alipougua, mume wa binti yake ndiye aliyekuwa na baiskeli, na hakuweza kumbeba mpaka baba alipokwenda kuwafungulia. Mtu wa upande wa mama anapeleka kuku, mkwe anatoa kitenge, wanakula sahani moja mbele ya watu, basi. Kuanzia hapo ni mama na mtoto. Nilimuuliza baba mdogo kama kushikana kabla ya kufunguliwa kunaharibu. Akasema mtu anayedaka mama asianguke hajavunja kitu, amevuka foleni tu.

Nakuja na Yotamu Ijumaa ya wiki ijayo, nitakuwa na jogoo. Mwambie shemeji anunue kitenge, asinunue cha bei ya aibu. Mama usimwambie, atajifungia na funguo.

Na pita duka la dawa, ulizia zile kofia za mpira wanazovalisha magongo ya wagonjwa, nyeupe au za kijivu, zisiwe nyeusi. Mguu wa kiti una upana wa kidole gumba na nusu yake, nitakuja na msasa niupunguze ziingie. Hazitelezi na haziandiki. Viti vya wageni viendelee kuvaa sweta la shemeji, lile wazo lilikuwa zuri, tulikosea mtu wa kumvalisha.

Dastan

*

Iwambi, Mbeya
12 Mei 2024

Mdogo wangu Dastan,

Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini ulifika salama na yule Yotamu hakukulaza Makambako kama ile barua. Devota mwambie vitambaa alivyonifumia vimefika na nimeviweka kwenye makochi, vimependeza, na ile rangi haina tofauti. Brayson amefaulu mitihani, au ndivyo anavyosema. Baridi imeanza, asubuhi ukungu unashuka mpaka bondeni kwetu na Clement anavaa makoti mawili kwa sababu hana tena sweta.

Najua uliondoka na moyo mzito. Ulitoka mbali na jogoo mapajani, ukasema maneno vizuri kuliko hata baba, shemeji yako akatoa kitenge, na mama akala tonge moja, akaweka mkono chini, akarudi chumbani. Pale getini uliniambia labda tumechelewa. Mimi nilikujibu tusubiri, lakini nilipofunga geti nililia.

Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika isipokuwa kiti. Zile kofia za kijivu zimekaa vizuri, hazijatoa alama hata moja, na mama anakisukuma mbele yetu sote bila kujificha. Hilo tu lilinipa nafuu. Chakula akaanza kula, chumbani kwake. Mtaalamu wa mazoezi anakuja, anamnyoosha magoti, mama anamtukana kwa Kihehe na yule kijana wa watu hajui, anaitikia ahsante. Clement alirudi kulala ndani lakini bado akisikia mlango wa mama anatafuta pa kwenda.

Basi Jumatano iliyopita sikwenda dukani mapema, nilikuwa jikoni naosha vyombo. Clement alikuwa sebuleni na redio yake. Mama akatoka. Alikuwa amejifunga kile kitenge. Clement akasimama haraka apite mlango wa mbele, na mimi nikaacha kuosha, mikono ikiwa ndani ya maji.

Mama akasema, "Baba Brayson, unakwenda wapi?"

Si kwangu. Hakusema mwambie baba Brayson. Alimsemesha yeye mwenyewe. Clement akageuka, akanitazama mimi kupitia mlango wa jikoni, kwa mazoea, akisubiri nimfikishie. Mimi sikufungua mdomo. Mama naye akasubiri. Mwishowe Clement akajibu, sauti ikiwa chini, "Siendi mahali, mama."

"Basi njoo unishike. Kiti hiki kimenichosha mgongo, na hakizungumzi."

Alikwenda. Alipeleka mkono kwanza mbali, kama mtu anayepima moto wa jiko, mama akaukamata akauvuta, akauweka kwapani kwake. Wakatoka hivyo mpaka barazani, wakashuka ngazi, wakaenda mpaka getini na kurudi. Niliwatazama kupitia dirisha. Mama alikuwa anamsema njia nzima, anakwenda mbio mno, anaangalia juu haangalii njia, mkono una mifupa kwa nini hali. Na mume wangu, aliyekaa kimya na mkwe wake tangu siku ya ndoa yetu, alikuwa anaitikia kila neno, ndiyo mama, sawa mama, nitakula mama. Nilijikuta nimekaa chini kwenye sakafu ya jikoni na mapovu mikononi, nacheka na kulia.

Wanatoka kila asubuhi sasa. Jana walifika mpaka kwa jirani wa tatu. Walikawia, nikatoka kuwatafuta, nikakuta mama amekaa kwenye benchi la watu anawasimulia jinsi mkwe wake alivyomdaka, na anaonyesha kwa mikono ilivyokuwa. Alikuwa anajisifu. Clement amesimama pembeni anatazama chini, masikio mekundu kabisa kwa furaha.

Paa lijenge taratibu, usiende na mvua wala usipande peke yako. Hakuna haraka tena. Nilimuuliza mama jana usoni kwake kama bado anataka nimpeleke kijijini. Akaniambia nisimsumbue, nimuulize baba Brayson kesho wanatoka saa ngapi.

Haondoki, Dastan. Mama haondoki.

Dada yako,
Apolonia